Neno «Polisi» Katika Midomo ya Watu wa Kasenyi

Katekista mmoja wa pwani ya ziwa alitujia na shauri dogo. Siku ya dominika, katika sala za waamini, aliombea wagonjwa, wavuvi walio majini na wakubwa wa inchi, kisha akaombea mapolisi. Kwa maombi matatu ya kwanza watu waliitikia kwa sauti moja. Kwa ombi la nne sauti zilipungua, wengine wakatazamana, mama mmoja akacheka. Nyuma ya misa katekista akauliza wazee sababu. Mzee mmoja akamjibu: «Mwalimu, ungalisema walinzi, tungaliitika. Polisi ni neno lingine.» Basi katekista akataka kujua kwetu: je, yeye alikosa katika neno, ao watu walikosa katika moyo?

Shauri hili ni dogo kwa sura tu. Sisi tunaohubiri na kufundisha tunafanya kazi kwa maneno, na neno moja linaweza kubeba mzigo wa miaka mia bila mwenye kulisema kujua. Ndiyo maana tumeona vema kufuata historia ya neno hili pahali pamoja tunapopajua, ndiyo Kasenyi.

Kwa ndugu waseminari waliotoka mbali, tuseme kwanza Kasenyi ni nini. Ukitoka Bunia kwenda mashariki unapita Bogoro, kisha barabara inaanguka katika ukingo mkubwa wa bonde, joto linapanda, na chini unaona maji meupe ya Ziwa Albert, lile Wanyoro wanaloliita Mwitanzige, maana yake muua nzige. Kasenyi ni bandari ya wavuvi, katika usultani wa Bahema Sud, territoire ya Irumu. Ng'ambo ni Uganda. Wakati wa Wabelgiji meli zilizotoka Butiaba zilitia nanga hapo, na samaki wa Kasenyi alipanda juu kwenda kulisha watu wa miji na wa machimbo. Pahali pa namna hiyo, penye mpaka, soko na maji, hapakosi kamwe mtu mwenye kofia anayeuliza wapitaji: unatoka wapi, unabeba nini?

Neno lenyewe ni la Kiyunani, na sisi tuliosoma Kilatini hatuna sababu ya kuliogopa. *Polis* ni mji, *polites* ni mwenyeji wa mji mwenye haki zake, *politeia* ni namna mji unavyotengenezwa na kuongozwa. Walatini wakachukua *politia*, Wafransa wakafanya *police*. Paulo Mtakatifu, akiwaandikia Wafilipi, anatumia neno la ukoo huo huo, *politeuma*, anapowakumbusha kwamba mji wao hasa uko mbinguni. (Kuna *police* nyingine ya Kifransa, ile karatasi ya asiransi ambayo wenye magari ya Bunia wanaijua sana. Hiyo si ndugu ya hii. Ilitoka katika neno lingine la Kiyunani, *apodeixis*, maana yake uthibitisho. Waseminari wasichanganye.)

Huko Ufaransa, zamani, *police* haikuwa kwanza mtu mwenye bunduki. Mwaka 1667 mfalme Ludoviko wa 14 aliweka katika Paris mkubwa wa polisi, La Reynie. Kazi zake zilikuwa nini? Kuondoa matope njiani, kutia taa usiku, kuangalia bei ya mkate, kuzuia moto na magonjwa, na kukamata wezi pia. Nicolas Delamare aliandika juu ya mambo hayo kitabu kikubwa, kilichoanza kutoka mwaka 1705, na ndani yake utakuta dini, desturi, afya, chakula na barabara, yote chini ya jina la polisi. Kwa maana hiyo ya kwanza, mama anayefagia mbele ya meza yake ya samaki anafanya kazi ya polisi. Na salongo ya kufungua mifereji ya soko ni polisi kabisa, kupita kamba iliyofungwa njiani.

Lakini maana hiyo haikufika ziwani. Iliyofika ni nyingine, na ilifika chini ya jina lingine, ndilo *askari*.

Askari ni neno la Kiarabu, maana yake mtu wa jeshi. Watu wa Zanzibar walilipeleka bara pamoja na misafara ya pembe. Mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls, na Wangwana walikuwa wamekwisha kuingia pori la Ituri. Mwaka huo huo Stanley alipita pori hilo na mamia ya watu wa Zanzibar, akimtafuta Emin Pasha, liwali wa Misri aliyekatiwa njia na Wamahdi. Walionana pwani ya ziwa tarehe 29 mwezi wa nne 1888, upande huu wetu wa kusini-magharibi, chini ya mji wa sultani Kavalli. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889, lakini wengi wa askari wake, watu wa Sudani, walibaki. Wakakaa kwa Kavalli chini ya Selim Bey, na bendera yao ya Misri, na wake na watoto na watumishi, wakila kwa nguvu ya bunduki katika inchi isiyo yao.

Mwezi wa tisa 1891 kapteni Mwingereza, Lugard, akaja kuwachukua. Akavuka nao kwenda Uganda, mamia ya askari na maelfu ya watu waliowafuata, akawaweka katika maboma ya Toro. Kwa watu hao Waingereza walianza jeshi lao la Uganda, na wajukuu wao ndio Wanubi wa leo. Tunataka msomaji aone jambo hili vizuri, kwani vitabu vya shule vinalipita mbio. Mmoja wa mizizi ya uaskari wote wa Afrika ya Mashariki ya Waingereza ulikuwa umepandwa juu ya ukingo wetu, si mbali na Kasenyi. Na tangu mwanzo mzizi huo ulikuwa na kasoro moja: askari wa Kavalli hakuwa mtu wa Kavalli. Hakulipwa na watu aliokaa kati yao, wala hakujibu mbele yao. Alipokosa mshahara alijilipa mwenyewe. Mwaka 1897 Wasudani wa Uganda wakaasi, na mshahara mdogo na safari zisizokwisha vilikuwa kati ya sababu zao.

Upande wa Kongo mambo hayakuwa mbali na hayo. Dola la Leopold wa 2 lilipanga jeshi lake, *Force publique*, kati ya 1886 na 1888. Askari wa kwanza walikuwa Wahausa na Wazanzibari, kisha wakachukuliwa wenyeji wa inchi, lakini kwa desturi walitumwa mbali na kwao. Lugha ya amri ikawa Lingala. Jeshi hilo lilikuwa na kazi mbili ambazo inchi nyingine zinazitenga: kupiga vita na adui wa inje, na kushika amani kati ya wenyeji. Mwaka 1897 lenyewe nalo likaasi, katika msafara wa Baron Dhanis uliokwenda kaskazini kuelekea Nili, na waasi wakarudi kusini wakipita inchi hizi za Ituri.

Hapo ndipo watu walipata neno *soda*, wengi wao *basoda*, kutoka katika Kifransa. Na neno *Leta*, ambalo ni *l'État*. Na *Bula Matari*, mvunja mawe, jina la Stanley lililopewa serkali yote. Angalia ndugu, maneno yote haya yanasikika kama vitu vinavyotoka mbali na kuja juu ya mtu. Leta hamkai ndani yake, Leta «anakuya». Hata leo mtu wa ziwa akitaka kuigiza mwenye silaha katika mchezo, anabadili lugha. Anaanza kusema Lingala kwa sauti nzito, na watoto wote wanacheka kwa sababu wamefahamu. Hatusemi Lingala ni lugha mbaya, maana ni lugha ya ndugu zetu wengi na ya nyimbo nzuri za kanisa. Tunasema tu kwamba katika Ituri neno *polisi* lina Kiswahili kwa sura, na masikio yanangoja Lingala nyuma yake.

Neno *polisi* lenyewe lilikuja lini? Umbo lake linapatana na Kiingereza cha Butiaba na pia na Kifransa cha Bunia, na twaona lilipita milango yote miwili. Kwa vitendo, mwaka 1919 Wabelgiji waligawa Force publique, sehemu moja ikae kambini kwa vita, sehemu nyingine ishike utumishi wa territoire. Mwaka 1926 wakaweka polisi ya territoire chini ya wasimamizi wao. Na masultani walikuwa na mapolisi wao, waliotajwa katika amri kubwa ya mwaka 1933 juu ya utawala wa wenyeji.

Huyu polisi wa sultani ndiye watu walimwona kila siku, si yule wa Bunia. Kazi yake haikuwa hasa kutafuta mwizi. Alihesabu kodi. Aliuliza karatasi ya ruhusa kwa mtu aliyeacha usultani wake kwa muda mrefu. Alipeleka watu katika mashamba ya lazima, yaliyoamriwa tangu 1917, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita ya pili siku hizo zikaongezwa mpaka 120. Na nyuma ya amri yote ilikuwako *fimbo*, ile ya ngozi ya kiboko, ambayo ilipunguzwa kidogo kidogo na kukatazwa kabisa mwaka 1959 tu, mwaka mmoja mbele ya uhuru. Mtu aliyezaliwa pwani mwaka 1910 alikufa labda bila kuona hata siku moja polisi akimrudishia kitu kilichoibwa, lakini alimwona mara nyingi akija na daftari.

Tusijisifu sisi watu wa misioni. Kulikuwako vituo ambako katekista alishika orodha ya waliokosa mafundisho, na watu wakamwona kama kapita mwingine. (Neno *kapita* ni la Kireno, sawa na *capitaine*. Lakini katika Kasenyi *kapitaini* ni samaki mkubwa, mnono, anayependwa na wote, na kapita hakupendwa hivyo.) Na wanafunzi wa maneno wanasema kwamba *gereza* la Kiswahili cha pwani ya bahari limetoka katika neno la Kireno *igreja*, ndilo kanisa, kwa sababu ya ngome iliyokuwa na vyote viwili. Watu wa Ituri wanasema *kasho* ao *boloko*, kwa hiyo tumepona hapo.

Mwaka 1960 ungeweza kubadili maana ya neno. Force publique ilikuwa na watu karibu 25,000 na maafisa Wabelgiji karibu elfu moja, na Mkongo hakupita cheo cha ajidani. Siku tano tu nyuma ya uhuru, tarehe 5 mwezi wa saba, jemadari Janssens aliwaonyesha askari wake kwamba kwao uhuru haubadili kitu, na uasi ukaanza. Jeshi likaitwa Armée nationale congolaise. Jina likawa jipya, lakini uhusiano kati ya mwenye bunduki na mwenye jembe ulibaki ule ule, na mwaka 1964, wakati wa Simba, Ituri iliona wenye silaha wa upande huu na wa upande ule, na wote walidai kuleta amani.

Sasa tunafika jambo ambalo waseminari wetu wengi hawalijui. Mobutu alikusanya polisi zote za majimbo kuwa polisi moja ya taifa mwaka 1966. Kisha mwaka 1972 akaivunja, akaitia ndani ya jandarmeri, ndiyo sehemu ya jeshi. Mwaka 1984 ikaongezwa *Garde civile*. Tangu 1972 mpaka 1997, miaka 25, Zaire haikuwa na polisi ya taifa yenye jina hilo. Kazi ya kuangalia soko la Kasenyi ilikuwa kazi ya askari wa vita, aliyefundishwa kuona adui. Na askari huyo, katika miaka ya mwisho, hakulipwa. Tunarudi kwa Selim Bey juu ya ukingo: mwenye bunduki asiye na mshahara atakula pahali alipo. Yohane Mbatizaji, alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia waache uaskari. Aliwaambia wasinyang'anye mtu, wasimsingizie, wawe radhi na mshahara wao. Shauri hilo lataka kwanza mshahara uwepo, na hapo lawama haimwangukii askari peke yake.

Nyuma ya vita ya 1996 na 1997 polisi ilirudishwa, ikaitwa Police nationale congolaise. Lakini kwetu haikupata nafasi. Tangu 1998 mpaka mwezi wa tano 2003 Ituri ilikuwa chini ya majeshi ya Uganda na vikundi vya wenyeji vilivyozaliwa kimoja baada ya kingine. Kila kikundi kilisema kinakuja *kulinda* watu wake. Tunaomba msomaji asipite mbio juu ya neno hilo. Kulinda ni neno letu zuri. Tunalisema kila jioni tukimwomba Malaika Mlinzi. Katika miaka ile lilivikwa magwanda. Watoto walipewa bunduki kwa jina la kulinda, na kwa ajili ya watoto hao mahakama ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012. Bogoro, pale njia ya Kasenyi inapopita, ilishambuliwa tarehe 24 mwezi wa pili 2003, na kwa mauaji hayo Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014. Tchomia ilishambuliwa tarehe 31 mwezi wa tano, na Kasenyi yenyewe tarehe 11 mwezi wa sita wa mwaka ule ule.

Na polisi? Walikuja. Waganda walipokuwa wanaondoka, mamia ya mapolisi walitumwa kutoka Kinshasa mpaka Bunia ili wasimame katikati. Walikuwa wachache kwa mji wenye vikundi viwili vya silaha, vifaa vyao havikutosha, na mapigano yalipowaka hawakuweza kitu. Wengine wao walikimbia pamoja na watu waliotumwa kuwaangalia. Mwezi huo mapadri wawili wa Bunia waliuawa pamoja na waamini waliokimbilia parokia. Mji ulitulia kidogo tu jeshi la Ulaya lilipofika mwezi wa sita. Hatuwacheki mapolisi wale. Walitumwa kufanya kazi ya polisi pahali ambapo hapakuwa tena na *polis*, na neno haliwezi kusimama bila mzizi wake.

Tuseme kidogo juu ya maji, maana mtu wa Kasenyi anaishi nusu ya maisha yake huko. Nchi kavu mpaka una jiwe. Ziwani hauna. Mvuvi anafuata samaki, na wavu hauulizi ramani. Tangu mafuta yalipopatikana upande wa Uganda mwaka 2006, mpaka huo ambao hakuna aliyeuona ukawa wa thamani. Mwezi wa nane 2007 Mwingereza mmoja wa kampuni ya mafuta aliuawa majini, na askari wa inchi mbili wakashindania Rukwanzi, kisiwa kidogo cha wavuvi karibu na Kasenyi. Marais Kabila na Museveni walipatana Ngurdoto, Tanzania, tarehe 8 mwezi wa tisa 2007. Tangu hapo wavuvi wetu wamekamatwa ng'ambo mara nyingi, na nyavu na mashini za mitumbwi zikachukuliwa. Tena mvuvi huyo huyo, akirudi pwani, anaweza kuulizwa na watu wake mwenyewe juu ya macho madogo ya wavu wake, na hapo wana haki, kwa sababu samaki wachanga wakiisha, hakuna Kasenyi. Kazi ya kuangalia nyavu ni polisi ya kweli, ile ya matope na mkate. Bahati mbaya mvuvi haoni tofauti kati ya anayemuuliza kwa ajili ya samaki wa kesho na anayemuuliza kwa ajili ya samaki wa leo.

Sasa sikiliza neno lenyewe linavyotumika. Tumetega masikio sokoni, bandarini na mbele ya mlango wa kanisa. «Alilala ku polisi.» Hapo polisi si mtu, ni pahali, na pahali penyewe ni kifungo. «Nitakupeleka ku polisi» ni maneno ya mwenye kudai kwa mwenye deni, kana kwamba polisi ni fundi wa kukamua madeni. «Usinifanyie polisi» mke anamwambia shemeji anayechungulia mifuko: maana yake upelelezi. Mtoto anayesema makosa ya wenzake anaitwa polisi ya mwalimu. Katika siku nyingi za kusikiliza hatukusikia mara nyingi «tuite polisi» kwa maana ya kuomba msaada. Tulilisikia, tusiseme uongo, hasa kwa wamama wauzaji walioibiwa usiku. Lakini wengi wao walianza kwa mkubwa wa kituo cha wavuvi, ao kwa baraza la wazee, ao kwa padri.

Mtu akiibiwa ng'ombe ao mtumbwi hatumii neno polisi kwa kazi anayoitaka. Anasema *kuchunga*. «Tulikosa wa kuchunga.» Katika Kiswahili chetu kuchunga ni ng'ombe, ni nyumba, ni mtoto, ni pirogi usiku. Mzamu anachunga duka. Padri anachunga parokia. Ni neno la wafugaji wa ukingo, na kila mtu, mvuvi ao mkulima, amelichukua. Hakuna anayesema «polisi wananichunga» isipokuwa kwa kulalamika kwamba wanamfuata.

Sheria, kwa upande wake, iko wazi. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inaipa polisi kazi ya usalama wa watu na wa mali zao, inakataza polisi kuwa chombo cha chama, na inasema mtu hawezi kushikwa na polisi kupita saa 48 bila kuachwa ao kupelekwa mbele ya mwamuzi mwenye haki. Sheria ya mwaka 2011 ikapanga kazi hiyo kwa urefu. Wala deni tupu si sababu ya kufunga mtu. Makatekista wangefaa kujua mambo haya mawili kwa moyo, saa 48 na deni, kwani yanasaidia watu kupita hotuba nyingi. Ni kweli pia kwamba tarehe 6 mwezi wa tano 2021 Ituri iliingia katika *état de siège*. Jenerali wa jeshi akawa gavana, afisa wa polisi akawa msaidizi wake, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Hali ya vita ilikuwa na sababu zake, kila mwenye kusoma orodha ya wafu anazijua. Lakini kwa historia ya neno letu, soda na polisi wakakaa tena nyumba moja, kama wakati wa Bula Matari, na kama wakati wa jandarmeri.

Turudi kwa katekista. Alikosa katika neno? Hapana. Wale watu wanaitwa mapolisi, wana wake na watoto, wengi wao wanakaa katika nyumba za kupanga za Kasenyi na kununua samaki kwa deni kama watu wote. Kuwaita walinzi, ili watu waitikie vizuri, kungekuwa kuficha kitu. Je, watu walikosa katika moyo? Hatuthubutu kusema hivyo, kwa kuwa tumeona walipopata neno hilo na kwa bei gani.

Tulimkumbusha tu habari ya Filipi, mji ule wa Paulo. Wakubwa wa mji waliwatuma watu wao wenye fimbo, Kiyunani chasema hivyo hasa, *rhabdouchoi*. Paulo na Sila wakapigwa bila hukumu, wakatiwa kifungoni. Asubuhi wakaambiwa watoke kimya kimya. Paulo akakataa. Alisema wao ni raia wa Roma, na waliowapiga mbele ya watu waje wenyewe kuwatoa. Hakuwalaani wenye fimbo, wala hakukimbia. Alidai kwamba mji ufuate sheria ya mji, na wakubwa wakaja.

Dominika iliyofuata katekista aliombea tena mapolisi, kwa jina lao. Aliomba walipwe mshahara wao kila mwezi, na mtu yeyote aliyelala kwao kupita siku mbili apelekwe mbele ya mwamuzi. Alituambia waliitikia, si wote, lakini mama aliyecheka aliitika.